Kijaluba Kilichokataa Kuandikwa

Ipo nchi inaitwa Maandikoni. Usiitafute kwenye ramani, hutaiona, lakini watu wake wanakula, wanaumwa na wanazaa kama sisi. Bi Mwantumu, mjane mtu mzima aliyezoea kutazama zaidi kuliko kusema, alifika huko akakaa siku saba. Alifikaje, hilo halimsaidii msomaji. Alifika, na kwa rehema za Mungu alirudi na akili zake timamu. Aliyoyaona ni haya.

Maandikoni hakuna jambo linalokuwa mpaka liandikwe. Mvua ikianza, watu husimama barabarani wakilowa, nyuso zimetulia, mpaka karani wa mtaa aandike kuwa inanyesha. Hapo ndipo kila mtu hukimbilia barazani. Ndoa isiyoandikwa ni karamu tu ya pilau. Mtu akifa siku ya mapumziko ya makarani, huwekewa sahani yake ya chakula mpaka ofisi zifunguliwe, na jamaa zake hawalii, ingawa siku hiyo huonekana wakimenya vitunguu vingi kupita kiasi.

Maandishi yenyewe hayakai vitabuni. Kila nyumba ina kijaluba kimoja, kidude cha bati cha ukubwa wa kidole gumba, mfano wa flashi hizi tunazochomeka kwenye kompyuta. Humo mna majina ya ukoo, sauti za waliopita, mipaka ya viwanja, na nani alimwomba nani radhi, mwaka gani. Kikichomekwa kwenye mashine ya serikali kinasomeka na kinaongezwa. Na juu ya kila mlango wa ofisi imechongwa sheria kubwa ya nchi, kwamba nyumba moja ina kumbukumbu moja. Inasemekana zamani ndugu wawili walikuwa na vijaluba viwili vya baba mmoja, vikatofautiana, watu wakauana. Tangu hapo kunakili kijaluba ni kosa kubwa kuliko kukitia moto.

Ambaye hakuandikwa hapigwi wala hafukuzwi. Anaitwa mgeni. Mgeni hupewa kiti kizuri, hupakuliwa wa kwanza, huitwa mheshimiwa. Ila haulizwi neno, hatumwi dukani, hagombezwi, na haruhusiwi kukumbatiwa. Mtoto akizaliwa ana siku saba za kuandikwa kwenye kijaluba cha nyumba ya baba yake. Zikipita, huhamishiwa Nyumba ya Wageni, jumba safi lenye bustani, akakulia huko kwa heshima zote.

Bi Mwantumu alipitishwa kwenye jumba hilo asubuhi aliyofika, kwa kuwa naye alikuwa mgeni. Alimkuta mwanamume wa miaka kama arobaini, kanzu imepigwa pasi, akimwagilia maua. Akamwuliza maisha yake yakoje. Yule bwana akatazama huku na huku kwanza, maana hakuzoea kuulizwa.

"Mazuri sana," akasema. "Ila tangu nizaliwe hajatokea mtu akanigombeza."

Bi Mwantumu, aliyelea watoto watano kwa ukali na kwa dua, alikaa na maneno hayo siku nzima.

Serikali ilimpangia afikie kwa Bi Kidawa, mwanamke wa rika lake, mwembamba, mwenye ulimi. Nyumba hiyo ilikuwa na msiba na furaha kwa pamoja. Msiba ulikuwa wa Mbarouk, mtoto pekee wa Bi Kidawa, aliyekufa kwa homa miezi minne nyuma. Furaha ilikuwa mtoto wa kiume ambaye mkewe Mbarouk, Nunu, alikuwa amejifungua alfajiri ileile. Nunu mwenyewe alikuwa amelala ndani, hoi, uzazi umemchosha, kwa hiyo nyanya alimfunga mjukuu kifuani kwa kanga, akachukua kijaluba cha nyumba, akaenda kwa karani wa mtaa kumwandikisha. Bi Mwantumu akafuatana naye.

Karani akakichomeka. Kijaluba kikafunguka. Majina ya ukoo yakajipanga kwenye kioo, na sauti ya Mbarouk ikasikika kidogo ikiomba maji ya kunywa, kama vile yuko chumba cha pili. Bi Kidawa akafumba macho. Kisha karani akaanza kuandika habari za mtoto, na mashine ikatoa maneno mawili tu mekundu: *Kinasomeka. Hakiandikiki.*

Karani akasogeza kiti chake nyuma. Kwa sheria ya Maandikoni kijaluba kinachokataa kuandikwa kinashitakiwa kwa ukaidi, na mwenye nyumba ana wajibu wa kukipitisha kwenye ofisi za marekebisho, moja baada ya moja, mpaka kikubali. Karani akamtakia Bi Kidawa heri, akamkumbusha kwamba siku saba zimeshaanza kuhesabiwa.

Ofisi ya kwanza, kesho yake, ilikuwa ya Swichi. Vijaluba vingine vina kiswichi kidogo ubavuni, na kikijisukuma mfukoni kwa bahati mbaya basi kijaluba hakipokei tena maandishi. Ofisa wa hapo alifuga ukucha mmoja mrefu kwa kazi hiyo, na haki yake apewe: watu watatu waliokuwa mbele yao walitengenezewa papo hapo, wakatoka wanacheka. Lakini kijaluba cha Bi Kidawa hakikuwa na swichi. Kilitengenezwa hivyo. Ofisa akakigeuza, akakipapasa, akakikuna kila upande mpaka adhuhuri, kwa sababu katika mafunzo yake hakukuwa na ukaidi usio na swichi. Bi Kidawa akamwambia, "Wewe ndiye ungewekewa swichi, mwanangu. Tungekuzima tukapumzika." Ofisa hakukasirika. Akaandika cheti: swichi ipo, imefichwa.

Siku iliyofuata walikuwa Ofisi ya Ruhusa. Hapo walitaka kujua kama Bi Kidawa ndiye mwenye kijaluba, maana kijaluba kinaweza kumkatalia mtu asiye wake. Alikuwa na haki zote, na zilisomeka wazi humohumo ndani. Ofisa akafurahi. Akasema basi hakuna tatizo, atampa ruhusa kamili mara moja, na ruhusa hiyo, ili iwe ruhusa, lazima iandikwe kwenye kijaluba. Wakakaa wote watatu wakitazamana. Saa tisa ofisa akafunga dirisha lake kwa adabu.

Siku ya tatu ya kuzungushwa ilikuwa ya Mafusho. Wanaamini huko, na mara nyingine ni kweli, kwamba wadudu wasioonekana hutoka kijaluba hiki wakahamia kile, wakajifungia ndani. Kijaluba kikafukizwa udi na ubani tangu asubuhi. "Kinanukia kama biharusi," Bi Kidawa akasema walipokipokea, "na bado hakitaki." Siku ya nne wakapelekwa Ofisi ya Amri, ambako mzee mmoja mwenye miwani mbili alifunua buku kubwa la amri zote zilizowahi kutolewa. Akagundua kwamba liwali fulani wa zamani aliwahi kuamuru vijaluba vyote vya nchi visipokee maandishi kwa alasiri moja, ili harusi yake ya nne isienee, na kwamba amri hiyo iliondolewa kwenye vijaluba vyote isipokuwa vitatu. Mioyo ya wanawake wale wawili ikaruka. Mzee akasoma hivyo vitatu ni vya nani. Cha Bi Kidawa hakikuwamo.

Sasa Bi Mwantumu kila siku alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti kizuri cha mgeni, hakuna aliyemwuliza chochote. Alikuwa na tasbihi yake mkononi. Siku ya kwanza, tangu kijaluba kuchomekwa mpaka kufunguka, alikuwa amesogeza punje tatu. Kwenye Swichi akasogeza kumi na moja. Kwenye Ruhusa thelathini na tatu. Kwenye Amri alimaliza mzunguko mzima wa tisini na tisa, akaanza tena, na kioo bado cheusi. Kisha aliona jambo jingine: kila kilipochomolewa kilikuwa cha moto zaidi. Siku ya kwanza Bi Kidawa alikishika kwa vidole. Siku ya nne ya ofisi alikipokea kwa pindo la kanga.

Maofisa hawakuliona hilo, na si kwa upumbavu. Maandikoni ni desturi kwamba ofisi haisomi cheti cha ofisi iliyotangulia, ili kila ofisa aamue kwa akili yake mwenyewe bila kuvutwa. Wanajivunia sana desturi hiyo. Kwa hiyo kila mmoja alikiona kijaluba kama ndiyo kwanza kimeanza kuugua, akakichomeka tangu mwanzo, mara nne, mara tano, kujiridhisha.

Siku ya sita ya mtoto wakafikishwa ofisi ya mwisho, ya Kuosha. Ilibaki kesho tu.

Bwana Shaame, Mwoshaji Mkuu, hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Aliwapa kina mama viti, akawamiminia chai ya tangawizi, akanawa mikono mpaka viwikoni kabla hajagusa chochote. Ukutani nyuma yake palikuwa na kibao: vijaluba mia tisa vimeoshwa, mia tisa vimekubali. Karani wake, Makame, mtu mnene asiye na haraka, alikuwa pembeni na madaftari yake.

Bwana Shaame akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kuosha hakuumizi. Kijaluba kitarudi kitupu kama siku kilipotoka kwa fundi, kitakubali maandishi, na mtoto ataandikwa kabla chai haijapoa. Bi Kidawa akauliza sauti ya Mbarouk itakwenda wapi.

"Haiendi popote, Bi. Inakuwa haikuwepo." Akamsogezea kikombe. "Wengi hulia hapa. Wiki ya pili hawakumbuki walililia nini. Nchi yetu ina rehema hiyo."

Bi Kidawa hakunywa. Mjukuu alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi, na kijaluba kilikuwa kimefungwa kwenye ncha ya kanga hiyohiyo. Akikubali kuosha, mtoto atakuwa wa nyumba, na baba wa mtoto atakuwa hajapata kuwako. Akikataa, kesho jioni watakuja watu wa adabu kutoka Nyumba ya Wageni, watamwita mjukuu wake mheshimiwa, na yeye hataruhusiwa tena kumbeba. Kisha akageuka kwenye kile kiti kizuri.

"Mwenzangu, siku zote hizi unatazama tu. Wewe unaonaje?"

Makame akainua kichwa. Bwana Shaame akasema kwa upole kwamba mgeni haulizwi.

"Nimeshamwuliza," Bi Kidawa akasema.

Bi Mwantumu akaanza na punje za tasbihi. Akazitaja kwa mpangilio wa siku: tatu, kumi na moja, thelathini na tatu, tisini na tisa na zaidi. Akaeleza habari ya joto. Bwana Shaame akasikiliza vizuri, akasema hayo yanafahamika. Ukaidi usipotibiwa huongezeka.

"Bwana Shaame," Bi Mwantumu akasema, "marehemu mume wangu siku zake za mwisho alikataa chakula. Nikimpelekea uji anabana meno. Nikamwita mkaidi, Mungu anisamehe. Nikamlazimisha. Lakini ukinyamaza ukakaa naye, anakuhadithia mpaka majina ya mbuzi wa babake. Cha kuingia hakikuweza kuingia tena. Cha kutoka kilikuwa kinatoka. Siku kumi yeye anataka kusema, na mimi nimemzibia mdomo kwa kijiko."

Akaiweka tasbihi mapajani.

"Hiki kitu hakikatai," akaendelea. "Kinakufa. Kimefunga mlango ili kilichomo kisimwagike, na nyinyi kila siku mnaugonga. Msikioshe. Kipokeeni kilichonacho, mapema."

Bwana Shaame akasema vijaluba mia tisa haviwezi kusema uongo. Vyote vilikataa, vyote vilioshwa, vyote vikakubali. Bi Mwantumu akauliza vikishakubali huishi muda gani. Bwana Shaame alikuwa hajui. Hakuwahi kujiuliza. Akamgeukia Makame.

Makame akafuta jasho shingoni. Akasema vingi hurudi baada ya mwezi au miwili, vimekufa kabisa, havisomeki wala haviandikiki, na nyumba huandikwa kosa la uzembe.

"Hukuniambia," Bwana Shaame akasema.

"Hukuniuliza, Bwana. Vya uzembe vina daftari lake."

Mwoshaji Mkuu akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Kisha akateremsha kitabu cha sheria, akakifuta vumbi kwa mkono wa kanzu, akasoma huku midomo inacheza. Kulikuwa na kifungu. Nyumba ikifa, yaani kijaluba chake kikifa, kilichomo humiminwa kwenye kijaluba kipya cha mrithi. Hapo si kunakili, maana moja imekwisha na moja imeanza, na nyumba inabaki na kumbukumbu moja kama inavyotakiwa. Kifungu hicho hakijatumika hata mara moja. Tangu nchi iwe nchi hakuna kijaluba kilichoandikwa kuwa kimekufa. Vyote vilikuwa vikaidi au vya wazembe.

Na mrithi lazima awe wa damu, aishike nyumba iwe yake. Hapo Bi Kidawa akakata tamaa, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa damu yake duniani ila huyo aliyelala kifuani.

"Sheria inasema mrithi awe mzima na aitike akiitwa," Bwana Shaame akasoma. Akageuza ukurasa. "Umri haukutajwa."

Makame akauliza kama Bwana anakusudia kumpa nyumba mtu wa siku sita. Bwana Shaame akasema yeye hakusudii, anasoma tu. Makame akamgeukia Bi Kidawa, akamwonya kwamba nyumba yake ikiandikwa imekufa, yeye hatakuwa mwenye nyumba tena, ataandikwa chini ya mjukuu, na hata kutoka nje itabidi aombe ruhusa kwake.

"Tangu lini natoka bila ruhusa yake?" Bi Kidawa akasema. "Akilia nakaa."

Yakabaki maneno yaliyokuwa magumu kweli. Bwana Shaame akasema kabla ya kutia sahihi lazima akichomeke kijaluba athibitishe kuwa kinakufa. Bi Kidawa akaikunja ile ncha ya kanga ndani ya kiganja. Akasema hapana. Kwa hesabu ya mwenzake pengine imebaki mara moja, na hiyo moja haitatumika kumridhisha mtu. Kikichomekwa, iwe ni kumimina.

Makame naye, kwa kuwa ni kazi yake kukumbusha, akakumbusha: ofisa atakayeandika kifo cha nyumba iliyo hai hufutwa kwenye kijaluba cha kwao. Anakuwa mgeni.

Bwana Shaame akaketi. Akaitazama mikono yake, ile iliyonawa mpaka viwikoni, kwa muda ambao Bi Mwantumu hakuuhesabu.

"Cha mama yangu nilikiosha mimi," akasema. "Kilikataa wakati wa mavuno. Nilikuwa mgeni kazini, nikataka kuonyesha mfano."

Bi Kidawa akamwuliza kilikuwa na nini.

"Ndiyo hilo, Bi. Sijui."

Akavuta karatasi. Akaandika kwamba nyumba ya Kidawa binti Sharif imekufa kifo cha kawaida, kwa uzee, bila ukaidi, akatia sahihi na tarehe kabla wino wa neno la mwisho haujakauka. Bi Kidawa akatia dole gumba lake chini yake. Hivyo akawa mwanamke asiye na nyumba, saa nne na robo asubuhi, na chai bado ya moto.

Makame akaleta kijaluba kipya kutoka kabatini, kinang'aa. Akafungua daftari safi, akasimama wima kama inavyopaswa, akaita kwa sauti rasmi: "Mwenye nyumba yupo?"

Mwenye nyumba alikuwa amelala. Kwa sheria huitwa mara tatu. Makame akaita ya pili. Bi Kidawa akampapasa mgongoni, akampuliza kwenye kope, hakuna. Bwana Shaame alikuwa ameshika kichwa. Bi Mwantumu, mama wa watano, akainama, akamvua soksi moja, akamgusa unyayo kwa kikombe cha chai, upande usiounguza.

"Mwenye nyumba yupo?"

Mtoto akapiga kelele iliyofika hadi Ofisi ya Amri.

"Ameitika," Makame akasema huku akiandika, "tena kwa ukali."

Vijaluba viwili vikachomekwa kwenye mashine moja, jambo ambalo hakuna aliye hai Maandikoni aliyewahi kuliona, na Makame akafunga mlango kwa komeo. Kioo kilikuwa cheusi. Bi Mwantumu akasogeza punje. Akamaliza tisini na tisa, akarudia, akamaliza tena, na midomo yake haikuwa ikihesabu tena bali inaomba. Kwenye mzunguko wa nne kioo kikapata nuru.

Majina yalitangulia, yale ya zamani kabisa, yakihama moja moja. Babu wa babu yake Bi Kidawa. Kiwanja chenye mwembe uliokwishakatwa. Radhi aliyoombwa shangazi. Kisha sauti: bibi kizee akikohoa na kucheka, mume wa Bi Kidawa akiita kuku, Mbarouk mdogo akisoma herufi na kukosea palepale kila mara. Bi Kidawa alikuwa amesimama karibu sana na mashine. Kijaluba cha zamani kilianza kutoa harufu ya bati lililoungua. Makame akavua kofia yake akakipepea.

Yalibaki machache. Maneno ya mwisho ya Mbarouk hayakuwa wasia. Yaliingia kwa bahati tu, siku alipokwenda na mama yake kwa karani kuandikisha magunia ya karafuu na mashine ikawa bado iko wazi. Alikuwa akimuaga mama yake mlangoni pa ofisi, jioni ile kabla homa haijamshika. Sauti yake ikatoka, changamfu, ya mtu mwenye shughuli zake.

"Mama, nafika kwa fundi mara moja. Chakula changu nifunikie, na—"

Kikafa hapo. Kioo kikazima upande mmoja. Bwana Shaame akakichomoa kwa kitambaa, akakiweka mezani, na hakikuwa na nuru tena. Hata kabla hakijapoa ulijua kuwa hiki hakitafunguka. Hakuna aliyehitaji uthibitisho. Akakifunika kwa kile kitambaa, vizuri, kama wanavyofunikwa wanaostahili.

Makame akashusha pumzi aliyoibana muda mrefu, akaanza kusoma kanuni, kwa sababu alikuwa hajui la kufanya na kanuni zilikuwa karibu. Sentensi isiyokamilika haihifadhiwi. Mrithi ana hiari ya kuifuta au kuikamilisha, na baada ya hapo ndipo majina ya watu wa nyumba yaandikwe, akianza mtoto. Akauliza waifute. Akasema ni maneno ya kawaida tu, Bi, ya chakula.

Bi Kidawa akampa Bi Mwantumu mjukuu ambebe. Bi Mwantumu, mgeni, akambeba na kumkumbatia mbele ya maofisa wawili, na hakuna aliyesema lolote.

Bi Kidawa akainamia kijaluba kipya. Hakuigiza sauti ya mwanawe. Alisema kwa sauti yake yeye, kavu ileile aliyowajibia maofisa siku zote.

"Na wewe ule. Usinisubiri ukalala na njaa."

Maneno yakajipanga kwenye kioo, meusi, yametulia. Makame akayasoma mara mbili. Kalamu juu, akauliza kwa heshima ayaandike ni maneno ya nani, ya marehemu au ya nani.

"Ya kwangu," akasema Bi Kidawa. "Yeye alishayasema jioni ile. Sasa niandikie mtoto."